Fomu isiyosema jina la kisanduku inamufungia kipofu mulango

Juma lililopita tuliketi hapa Goma pamoja na rafiki yetu asiyeona. Alitaka kujiandikisha kwa masomo. Telefone yake ya Android iko na TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kila kitu anachogusa. Akafungua fomu, akagusa kisanduku cha kwanza. Sauti ikasema, kwa Kifaransa: «sehemu ya kuandika». Cha pili: «sehemu ya kuandika». Cha tatu, vilevile. Ni jina? Ni tarehe ya kuzaliwa? Ni neno la siri? Hapana kujua. Sisi tulikuwa tunaona majina pembeni ya visanduku, lakini aliyetengeneza tovuti hakuyaunganisha na visanduku vyenyewe.

Mwishoni akatupatia telefone. Tukamujazia yote, mpaka neno la siri. Akacheka, akisema sasa tuko na funguo za nyumba yake. Sisi hatukucheka sana. Mutu anayeona hatoi neno lake la siri kwa jirani. Juu ya nini kipofu alazimishwe?

Kurekebisha hakuombi feza. Katika HTML kuko alama inaitwa label: unaandika ndani yake jina la kisanduku, halafu unaiwekea for yenye kufanana na id ya kisanduku hicho. Mustari moja tu! Yale maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku hayatoshi, yanapotea mara tu mutu anaanza kuandika. Na kosa lisionyeshwe kwa rangi nyekundu peke yake, liandikwe kwa maneno.

Wengine watasema hawana namna ya kupima. NVDA inasoma ekrani ya Windows na ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe haoni. Zima ekrani, ujaze fomu yako kwa kibodi tu. Utasikia.

Inchi yetu iko na sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu tarehe 3 Mei 2022. Kila ofisi ya Leta inayotuma raia kwa intaneti iangalie fomu zake. Na sisi tusijifiche: fomu yetu ya kupokea wanamemba ilikuwa na visanduku sita bila jina. Tumetengeneza vine. Viwili vimebaki, cha tarehe ya kuzaliwa na cha komine, tunavimaliza juma hili.