Dari ya Bati Pekee Haizuii Kelele

Misafara ya karne ya 19 kati ya Tabora na Ujiji ilipumzika katika matembe yenye kuta nene na paa bapa la miti na udongo. Katika tembe la namna hiyo, kule Kwihara, ndimo alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Udongo ulipokea mvua bila kishindo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na leo katika miji ya njia hiyo, kama Usinge, bati ndilo paa la duka, ghala na darasa. Bati haliliwi na mchwa, wala haliungui. Lakini tangu Novemba hadi Aprili, mvua ikinyesha, muuzaji na mnunuzi hawasikilizani bei, na mwalimu huacha kufundisha.

Wengine hushauri kupiga dari ya bati chini ya paa. Kwa maoni yangu, ushauri huo ni nusu tu ya dawa. Bati laini hurudisha karibu sauti yote inayoligonga. Bati linalofaa ni lile lililotobolewa matundu madogo mengi, na nyuma yake kuwekwa tabaka la nyuzi, kama zile za mawe yaliyoyeyushwa. Sauti hupenya matunduni, hewa husuguana na nyuzi, na nishati yake hugeuka kuwa joto kidogo sana.

Tukadirie kwa kanuni ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Marekani: muda wa mrindimo, kwa sekunde, ni 0.16 mara ujazo wa chumba, ukigawanywa kwa eneo la ufyonzaji. Chukua ukumbi wa soko wenye urefu wa mita 12, upana 10 na kimo 4. Ujazo wake ni mita za ujazo 480. Ikiwa ufyonzaji ni mita za mraba 24, sauti itarindima sekunde 3.2. Dari yenye matundu, ikifyonza asilimia 70, huongeza mita za mraba 84, na mrindimo hushuka hadi sekunde 0.7 hivi. Kelele za watu nazo hupungua kwa desibeli 6 hivi.

Hata hivyo, matundu hayo hupitisha pia kishindo cha mvua. Kwa hiyo hapana budi juu ya nyuzi kulazwa ubao mzito usio na nafasi wazi. Hapo ndipo tunaporudia hekima ya tembe: uzito huzuia sauti, ulaini wenye vinyweleo huifyonza.

Gharama itaongezeka, ni kweli. Lakini jengo ambamo watu hawasikilizani limekwisha kupoteza sehemu ya faida yake. Yafaa wajenzi waulizwe juu ya sauti kama wanavyoulizwa juu ya saruji. Nanyi walimu wa fizikia, pigeni kofi katika darasa tupu, kisha tundikeni mikeka na mablanketi, mpige tena. Wanafunzi watausikia ushahidi wenyewe.