Ulinzi wa mbwa mwitu uanzie kijijini

Jina la mbwa mwitu halijapata kuwa jina jema katika nchi yetu. Mtu katili huitwa hivyo, na miaka michache iliyopita hata magenge ya vijana waporaji jijini Dar es Salaam yalibandikwa jina hilo. Sifa hiyo mbaya ina historia. Wakati wa ukoloni, na kwa muda hata baada ya Uhuru, mnyama huyu alihesabiwa kuwa mharibifu, akapigwa risasi na watu wale wale waliokabidhiwa kazi ya kuwatunza wanyama wengine. Kosa lake kubwa lilikuwa namna anavyoua: humrarua swala angali hai, na wenye mamlaka waliona huo kuwa ukatili usiostahili kuvumiliwa.

Ukweli ni kwamba mbwa mwitu huishi kwa ushirikiano unaopita ule wa wanyama wengi. Katika kundi, kwa kawaida jozi moja tu ndiyo huzaa, lakini wote hulea. Wanaorudi kutoka mawindoni huwatapikia nyama watoto na mlinzi aliyebaki pangoni. Wala huyu si mbwa wa nyumbani aliyetorokea porini. Ni mnyama wa aina yake, mwenye vidole vinne katika mguu wa mbele pale ambapo mbwa wengine wana vitano, na makao yake ni Afrika peke yake. Tangu 1990 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Makadirio ya 2012 yalionyesha kuwa wamebaki wapatao 6,600 tu barani kote. Nchi yetu, hasa katika mbuga za kusini kama Nyerere, Selous na Ruaha, ni miongoni mwa nchi chache ambazo bado zina makundi makubwa.

Lakini lililotokea Serengeti lapaswa kutuzindua. Mgeni anayetembelea mbuga hiyo huwaona bweha bila taabu, ila mbwa mwitu aweza kukaa siku nyingi asimwone. Mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti katika nyanda za Serengeti yalitoweka yote. Kabla ya hapo, kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa kuua baadhi yao. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ilibidi kuanzia 2012 Serikali irudishe mbwa mwitu ndani ya hifadhi, ikiwachukua kutoka Loliondo.

Magonjwa hayo hayazuiliwi na bunduki ya askari wa wanyamapori. Chimbuko lake kubwa ni mbwa wa kufugwa asiyechanjwa, azururaye kati ya kijiji na pori. Na mbwa huyo huyo ndiye anayemng'ata mtoto akienda shule. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa 2002 yalisema kuwa kichaa cha mbwa huua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi. Kwa hiyo, anayesema kuwa tunajali wanyama kuliko watu hajalitazama jambo hili vizuri: sindano ile ile inawakinga wote wawili.

Wataalamu wanatuambia kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kazi hiyo haina budi kurudiwa kila mwaka, kwa sababu mbwa huzaliwa na kufa upesi. Hata hivyo, kandokando ya Serengeti kampeni nyingi zimetegemea watafiti na wafadhili kutoka nje. Je, siku wakiondoka? Halmashauri za wilaya zinapaswa kuitengea chanjo ya mbwa fungu lake katika bajeti, na maafisa mifugo wa kata wasingoje gari la mfadhili ndipo wakumbuke wajibu wao. Walimu nao wana nafasi yao. Tangazo linalotolewa mstarini hufika kila nyumba kabla ya jua kuchwa, na mara nyingi ni watoto ndio wanaowapeleka mbwa kwenye chanjo. Mwalimu awafundishe pia kwamba aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali.

Wafugaji watauliza juu ya mbuzi wao, na wana haki ya kuuliza, kwani hasara yao ni ya kweli. Lakini mbwa mwitu huwinda zaidi mchana, hasa asubuhi na jioni. Kundi la mbuzi lililoachiwa mtoto mdogo ni mawindo mepesi, na mtoto huyo mahali pake ni darasani. Mchungaji mzima ni ulinzi bora kuliko sumu, ambayo humuua tai na mbwa wa mwenye boma pia.

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyamapori ni dhamana tuliyoikubali kwa ajili ya watoto wetu. Dhamana hiyo hailindwi na wahifadhi peke yao. Afisa mtendaji wa kijiji, afisa mifugo na mwalimu mkuu wakikaa pamoja na kupanga siku ya chanjo, watakuwa wameanza kuitimiza.