TUSIMUSHITAKI MAMA WA WATU MBELE YA KUTAZAMA MOYO WA MUGONJWA



Wakati wa likizo ya Pasaka, kijana mumoja wa avenyu yetu, miaka 23, aliamuka asubui mukono na muguu wa kuume vimekufa, kinywa kimepinda. Jua halijazama bado, watu walikwisha kusema: ni mama yake mukubwa amemuloga. Yule mama mpaka leo hapewi salamu. Mimi vilevile nilipita mbele yake nikanyamaza. Ninaona haya, ndiyo sababu ninaandika.

Mutoto ndani ya tumbo hapumui kwa mapafu. Kwa hiyo damu inapita katika kitundu kilicho katikati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Kisha kuzaliwa, kitundu kinafungika. Lakini kwa watu wazima, karibu mumoja katika kila wane, hakifungike kabisa. Wengi hawasikie kitu hata siku moja. Lakini pengine donge la damu linatoka katika mushipa wa muguu, linapita pale, linapanda mpaka kwenye ubongo. Basi, mutu anapooza.

Munganga anaweza kukivumbua. Anatikisa maji ya chumvi na hewa kidogo, anayapiga sindano katika mushipa wa mukono, anatazama moyo kwa ekografi. Mapovu yanapaswa kubaki upande wa kuume, maana mapafu yanayachuja. Yakitokea kushoto mbele mapigo matatu ya moyo hayajapita, kitundu kiko. Mwaka 1988 waganga wa Ufaransa walipima hivi watu 60 wenye miaka chini ya 55, waliopooza kwa kuzibika kwa mushipa wa ubongo: 40 kwa mia walikuwa nacho. Kwa wasiopooza, 10 kwa mia tu.

Mutu ataniambia: «Doyen, ile mashini iko mbali, tena bei kali.» Ni kweli. Tena kitundu peke yake hakitoshe kuwa ushuhuda: presha na drepanositozi vinapoozesha vijana vilevile. Lakini kama munganga mwenye mashini anaogopa kuhukumu mbio, sisi wenye mikono mitupu tunamuhukumu mama wa watu kwa ushuhuda gani?

Likizo kubwa ikifika, nitaanzia kwake, nimusalimu. Na wewe, kwenu ni nani hapewi salamu?

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa sita