Mwizi wa Barua Huogopa Sahihi

Kuna wizi ambao ukitendeka hakuna apigaye mayowe. Mwizi wa kuku akinaswa sokoni Mwatate, jua halitui kabla kijiji kizima hakijamjua. Lakini mwizi wa barua huifungua bahasha, akachukua chake, akaibandika gundi akaenda zake. Aliyeibiwa hata hajui nani wa kumlaumu.

Nyanya yangu hapa Wusi hunisimulia mambo ya miaka ya 1990, babu alipokuwa kibarua Mombasa. Simu za mkono hazikuwa zimefika kwetu, na M-Pesa ilianza 2007. Basi babu akizikunja noti ndani ya karatasi ya kaboni, ati zisionekane bahasha ikimulikwa kwenye taa, kisha akazitia katika barua. Sanduku la posta letu wenyewe hatukuwa nalo. Barua zilipitia sanduku la shule, na mwanafunzi akazileta nyumbani.

Siku moja ikaja barua imeandikwa vizuri: pokea shilingi mia nne za karo. Nyanya akaikung'uta bahasha, wapi! Hamna kitu. Mwezi uliofuata, vivyo hivyo. Mama yangu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Lililo baya zaidi, nyanya aliamini babu amezinywa hizo pesa, naye babu akaamini nyanya amezila na kuisingizia posta. Ndoa nusura ivunjike. Mwizi yule hakuiba mia nne tu, aliiba na imani ya nyumba nzima.

Ni nani aliyezichukua? Hadi leo hatujui, na hapo ndipo penye shina la maoni yangu. Barua ile ilipita kwa karani, mpakiaji wa magunia, dereva, karani mwingine, mwenye ufunguo wa sanduku, na mwanafunzi. Kila mmoja angeweza kusema "si mimi", na hakuna karatasi ya kumsuta. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Wizi wa barua unaopangwa na kundi hautegemei bunduki. Unamtegemea mtu wa ndani ajuaye bahasha ipi ina hundi, wa nje wa kuipokea, na wa tatu wa kwenda kuibadilisha benki.

Je, serikali imelala? La hasha! Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 277, inasema mwizi wa vitu vya posta anaweza kufungwa hadi miaka 10, hali wizi wa kawaida ni miaka 3. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Tena mwaka wa 1999 lile Shirika la Posta na Simu liligawanywa, posta ikawa na shirika lake na msimamizi wake. Sheria tunazo, tena kali.

Lakini ukali peke yake hautoshi. Tarehe 8 Agosti 1963 huko Uingereza, kundi la wezi lilifunika taa ya kijani ya reli, likawasha nyekundu kwa betri, na treni ya posta ikasimama. Waliondoka na zaidi ya pauni milioni 2.5. Baadhi yao walihukumiwa miaka 30, lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haikuonekana tena. Kifungo kilikuja baada ya maji kumwagika.

Marekani nao wana taabu yao. Huko funguo za watumishi wa posta zinaweza kufungua masanduku mengi ya mtaa, basi wahalifu wakaanza kuwavamia wapeleka barua ili wazipate. Mwaka wa 1 wa kuhesabu tangu Oktoba 2021 hadi Septemba 2022, watumishi 412 waliporwa wakiwa kazini. Mwezi wa Mei 2023 posta yao ilitangaza mpango wa kubadilisha kufuli 49,000 ziwe za elektroniki, na kuweka masanduku 12,000 magumu zaidi. Walifahamu kwamba ugonjwa uko kwenye ufunguo, wakautibu hapo.

Kwa maoni yangu, sisi nasi tutibu pale penye ugonjwa. Kwanza, kila gunia la barua lifungwe kwa lakiri, na kila anayelipokea atie sahihi. Pili, raia akilalamika kwamba barua imepotea, ajibiwe kwa maandishi, asiambiwe tu "rudi wiki ijayo". Tatu, mtumishi akipatikana na hatia, habari itangazwe, wenzake wasikie.

Kuna atakayesema, "Wewe nawe! Nani anaandika barua siku hizi?" Ni kweli zimepungua. Lakini vifurushi vinapita, na hati zenye thamani zinapita. Mtu akikosa barua moja ya maana, hamfariji kuambiwa kwamba zilikuwa chache.

Nasi wanafunzi tusijitoe. Huku milimani wengi bado wanatumia sanduku la shule, la kanisa au la mwenye duka, na mkono wa mwisho ni wetu. Ukipewa bahasha ya jirani ukaifungua "kuchungulia tu", wewe na yule wa gunia mko kundi moja. Klabu yetu ianze na daftari: barua ya nani, nani kaichukua, lini, na sahihi yake.

Babu alipochoka alianza kutuma kwa hawala ya posta. Risiti alizitia katika kopo la majani ya chai, na nyanya akatia sahihi kila alipopokea. Ugomvi ukaisha. Babu hakumjua mwizi wake maisha yake yote, lakini tangu siku ile hakuibiwa tena.