Chubwi na Upondo Darasani

Aghalabu mwalimu wa Kericho au Bomet hufundisha ndoana, mshipi na chubwi kana kwamba ni msamiati wa Pwani pekee, ilhali baadhi ya wanafunzi wake huvua katika mito ya Kiptiget na Itare na mabwawa ya mashamba ya chai. Kwao mshipi ni ukanda wa suruali tu!

Hasara si ya lugha peke yake. Ajuaye chubwi hujua pia kuipima: ikiwa nzito, ndoana huzama ikanasa mawe, ikiwa nyepesi, chambo hutembea na mkondo, na ndivyo trauti, samaki aliyeletwa nchini mwaka 1905, akipendavyo.

Zito zaidi ni suala la chombo. Upondo hufaa penye maji haba, lakini ukikwama matopeni sharti uachiliwe papo hapo. Anayeung'ang'ania huachwa akining'inia huku mtumbwi ukienda zake. Kwa hiyo kafi iwemo daima, kila mtu avae jaketi la kuokolea, wala asisimame mtu kurusha ndoana. Tukiuliza mtihanini maana ya upondo, tuulize pia la kufanya unapokwama.