Aliyeacha Dawa Arudi Mapema

Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani kabla ya kufika. Mzee yule alifariki mwaka 2021, nasi hatuna haja ya kumhukumu. Wanaotuhusu sisi wauguzi ni wale waliorudi nyumbani wakijiona wamepona, wakaacha dawa za virusi vya UKIMWI. Baadhi walirudi kliniki mapema, kwa miguu yao. Wengine waliletwa wamebebwa.

Kwa maoni yetu, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa imani wala kwa elimu. Wote walipotea njia ile ile. Walichotofautiana ni siku ya kugeuka.

Dawa hizi haziui virusi vyote. Huvizuia visizaliane, na vingine hubaki vimejificha mwilini. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi huongezeka tena katika majuma machache, naye bado anajisikia mzima, analima, anakula vizuri. Hapo ndipo anapodanganyika. Kinga yake hupungua polepole, mpaka kije kifua kikuu, utando mweupe kinywani, au homa ya uti wa mgongo. Mwana mpotevu wa Injili aligeuka alipobanwa na njaa. Mgonjwa wetu asingoje kubanwa hivyo.

Siku hizi misururu ya Samunge haipo, lakini kuacha dawa hakujaisha. Huyu ameombewa, yule ameuziwa chupa ya mitishamba mnadani, mwingine amechoka tu kumeza vidonge, au anaogopa mumewe asivione. Akitaka kurudi anakumbuka ulimi wa mhudumu. Tuseme wazi: wapo watumishi wa afya wanaomgombeza mgonjwa mbele ya foleni nzima, na hao ndio wanaomfungia mlango. Padre hafanyi hivyo kwenye kitubio! Maneno makali hayapunguzi kirusi hata kimoja. Anayerudi aketishwe faraghani, aulizwe taratibu kilichomsibu.

Nawe ndugu uliyeacha, usianze mwenyewe vidonge vilivyobaki kwenye kopo, wala usiazime vya jirani. Njoo kwanza upimwe, hasa kifua kikuu, na useme kweli umekaa bila dawa muda gani, maana hilo ndilo linaloongoza uchaguzi wa tiba. Baada ya miezi kadhaa utapimwa wingi wa virusi ili ijulikane kama dawa inafanya kazi. Wengi waliorudi wamepata tena nguvu zao na kulea watoto wao. Mama mjamzito au anayenyonyesha asikawie hata siku moja, kwa ajili ya mtoto. Na kama kadi imepotea, au uliichoma moto siku ile ulipodhani umepona, njoo hivyo hivyo. Utaandikiwa nyingine.