Biashara Haifufuliwi kwa Ngoma

Wahenga walitwambia kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Methali hii hunijia kila ninaposikia likitajwa wazo moja kuhusu mkoa wa Mara: kwamba biashara ya kale ya Mto Mara, ile ya mitumbwi iliyobeba samaki wakavu, mikeka ya mafunjo, vyungu na nafaka, yaweza kufufuliwa kwa tamasha la urithi pembezoni mwa mji wa Musoma, hapo Buhare au popote penye uwanja wa kusimamisha jukwaa. Wazo linapendeza masikioni. Nami nakusudia kulipinga, si kwa kuyachukia matamasha, bali kwa kuipenda biashara.

Msomaji wa visiwani ataniuliza: ya Mara yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu njia hii sisi tumekwisha kuipita.

Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, ulitoweka katika bahari yetu katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Mwanzoni mwa karne hii mafundi waliuunda upya hapa Unguja, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, watu wakaja kuutazama. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini mtepe haukurudi kubeba mzigo. Ulirudi kubeba kumbukumbu tu. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo lile iliporomoka, tukafahamishwa kwa uchungu kwamba hata nyumba ya kumbukumbu ina ajali yake.

Sasa mtazame fundi wa Nungwi. Huyu hakuwekwa katika jumba lolote. Yupo ufukweni na tezo lake, anachonga mbao kama alivyochonga babu yake. Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, limelipa jahazi sifa duniani, wala sifa hiyo siibezi. Lakini kinachompa fundi huyu chakula cha watoto ni agizo la mvuvi anayetaka chombo cha kwenda baharini. Mtepe ulipata watazamaji. Jahazi lilipata wateja. Hiyo ndiyo tafauti ya kilichohifadhiwa na kilicho hai.

Tukirudi Mara, tuulize kwanza biashara ile iliuawa na nini. Haikufa kwa kusahauliwa. Zamani mto na ziwa ndivyo vilivyokuwa barabara. Mwenye samaki alimtafuta mwenye mtama na ulezi, mwenye chungu akamtafuta mwenye mbuzi, na mwaka wa njaa watu wa bara walivuka maji kwenda kuhemea Ukerewe. Kisha reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya Mwanza mwaka 1928. Meli zikashika ziwa, jembe la kiwandani likalishinda la mhunzi, na baadaye malori yakapita juu ya daraja la Kirumi bila ya kuhitaji mtumbwi chini yake. Biashara ile ilinyang'anywa kazi. Aliyenyang'anywa kazi hafufuliwi kwa kupigiwa makofi, hurudishiwa kazi.

Na mto wenyewe je? Mto Mara una urefu wa kilomita 395 hivi. Huchimbuka katika msitu wa Mau nchini Kenya, ukapita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukapakana na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, kisha ukatawanyika katika mabwawa ya mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Nyanza. Tangu mwaka 2012, kila tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, na hotuba nzuri husomwa. Siku hiyo ilikuwa na miaka tisa ya hotuba nyuma yake pale ilipofika Machi 2022, maji ya mto yakageuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ilitaja vinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Wapo waliotilia shaka jibu hilo. Mimi sina maabara ya kuwaamulia. Ninalolijua ni kwamba biashara ya samaki wa mtoni haina maana pasipo samaki, na hakuna ngoma iwezayo kuyasafisha maji.

Nitaambiwa: tamasha huwakumbusha vijana walikotoka. Naam, kukumbuka ni wajibu, lakini kuna vyombo vyake. Marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akahifadhi humo kilimo, uvuvi na maisha ya watu wake. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata mwenyewe akafariki. Kitabu kimoja kile kimekumbuka mengi kuliko majukwaa mia. Kazi ya kukumbuka tumwachie kitabu. Tamasha, likitaka kuwa na faida, liwe soko.

Liwe soko kweli, si igizo la soko. Lifanyiwe mwaloni penye mitumbwi, si uwanjani penye viti vya wageni wa heshima. Msuka mikeka aje kuuza, si kucheza kama anayeuza, na siku hiyo asitozwe ushuru. Fedha za mapambo wapewe mafundi wa mitumbwi ili kila mmoja achukue mwanafunzi. Buhare pana chuo cha maendeleo ya jamii. Basi wanafunzi wake waende kuuliza kwa wakata mafunjo na wavuvi wa kamongo nini kinanunulika, kwa bei gani, na nani anawazuia. Na juu ya yote, mgeni rasmi asipande jukwaani kabla ya kuwaeleza wakazi hali ya maji ya mto wao.

Wenye tamasha watasema masharti haya ni mazito. Ni mazito kwa mwenye kutaka picha. Kwa mwenye kutaka biashara ni mepesi. Kipimo changu ni kimoja tu, nacho hakihitaji mtaalamu. Siku ya pili, turubai likishafunguliwa na wageni wakishaondoka, tushuke mwaloni tukahesabu: ni mikeka mingapi imeagizwa, ni mitumbwi mingapi imeshushwa majini ikiwa na mzigo? Tukikuta hata mmoja, nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Tukikuta hakuna, basi na tukiri kwamba hatukufufua mtu. Tulimfanyia hitima marehemu, tukala pilau yake, tukaita kuwa ni arusi.